Ondoa Kelele

Draivu ya CD ilikuwa mali ya kliniki, na Kitinda alikuwa ameapa mbele ya daktari wa picha kwamba Jumatatu asubuhi ingekuwa imerudi mezani pake bila mkwaruzo. Kliniki ilikuwa miongoni mwa sehemu chache mjini zilizobaki na kitu kama hicho, kwa sababu wagonjwa walikuwa bado wanapewa picha zao za mionzi kwenye CD. Kompyuta za siku hizi hazina mdomo wa CD, na watengenezaji wake hawakumuuliza mtu kama ana katoni nzima chini ya kitanda. Kitinda alikaa mapokezi ya kliniki hiyo, na ombi lake la kuazima lilikuwa limemchukua wiki nzima ya kunyenyekea. Aliibeba draivu mpaka nyumbani imeviringishwa ndani ya taulo.

Alimkuta kaka yake amekwisha kaa mezani, laptop imefunguliwa, mikono ya shati imekunjwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, lete."

Nyumbani walimwita Mkurugenzi. Hakuwa mkurugenzi wa chochote. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro. Lakini alikuwa kifungua mimba, na tangu baba yao afariki hakuna kijiko kilichohama kabati bila yeye kutoa maelekezo. Mke wake alikwisha zoea, Kitinda hakuzoea, na mama yao hakuulizwa.

Mama alikuwa kwenye kochi la dirishani, skafu nyepesi imefunika tundu la shingoni, kibao cha chaki kiko mapajani. Operesheni ya koo ilikuwa imemwondolea ugonjwa na sauti kwa pamoja. Mtaani aliitwa Redio, jina alilolipata enzi akiisomea shule ya wasioona vitabu vya darasani, CD moja baada ya nyingine, katika sebule hiihii. Wapita njia walikuwa wanasimama nje ya dirisha kumsikiliza akieleza habari za mbolea na mzunguko wa damu. Sasa shule imefungwa, sauti imekwenda, lakini jina wameling'ang'ania, na hakuna aliyeona haya kumwita hivyo machoni pake.

Katoni ilikuwa sakafuni, mbele ya miguu yake. CD za ndani yake alizirekodi nyumbani na kuzichoma mwenyewe, zile za bei nafuu, na baadhi zilikuwa zimeanza kumenyuka rangi ya fedha ukingoni kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

"Haya," Mkurugenzi alisema, akichomeka waya. "Inauliza tunataka faili la aina gani. MP3 imejichagua yenyewe. Twende."

"Usiende," Kitinda alisema. "MP3 inapunguza, kaka. Inatupa vitu inavyodhani sikio halivihitaji. Chagua FLAC. Hiyo inakunja tu, haitupi kitu. Ukiikunjua unapata kila kilichokuwemo."

"Ukubwa wake?"

"Kama nusu ya CD yenyewe, zaidi kidogo."

"Nusu ya katoni hii iingie humu?" Mkurugenzi aliipapasa laptop kama mtu anayemtetea mtoto. "Mashine imejaa."

"Imejaa mpira. Futa mechi."

"Zile ni fainali."

Mama alicheka. Kucheka kwake siku hizi kulikuwa kwa mabega tu, kwa hiyo aliyekuwa amempa mgongo hakujua kama kuna mtu amecheka.

"Halafu tusidanganyane," Mkurugenzi aliendelea. "Mama haimbi humu. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Ni mtu mmoja anasoma. Unataka ubora wa studio ili usikie 'fungua ukurasa unaofuata'? Kilobiti sitini na nne zinamtosha. Imeandikwa hapahapa, ya maongezi. Na spika moja badala ya mbili, kwa sababu mdomo ni mmoja."

"CD zinamenyuka. Hii inaweza kuwa mara ya mwisho kusomeka. Tukichota kidogo leo, kesho hakuna pa kuchota zaidi."

"Kesho tutaigeuza. Nimeona programu ina sehemu ya kugeuza MP3 iwe WAV. Na WAV ndiyo kubwa kuliko zote, au siyo?"

Kitinda alifumba macho. Alikuwa amekaa mapokezi kutwa nzima akiambiwa na watu wazima kwamba foleni haiwahusu, na sasa haya. "Kaka, wewe ni mtoto wa fundi nguo. Suruali ikishakatwa ikawa kaptula, ukiiandika 'suruali' miguu inarudi?"

"Usinifundishe nguo."

Hapo mama alianza kuandika. Chaki ilikwaruza, na Mkurugenzi, aliyekuwa na pupa ya kusaidia kuliko subira ya kusubiri, akageuka na kuanza kubahatisha kama yuko kwenye mashindano.

"Chai? Chai, mama? Dawa? Unataka dirisha lifungwe?" Kila swali lilipanda sauti kuliko lililotangulia. "UNASIKIA BARIDI?"

Mama alimaliza, akainua kibao. Kilisema: *Mimi si kiziwi.*

"SAWA, MAMA," Mkurugenzi alisema.

Mpaka wanakwenda kula, walikuwa wamekubaliana. Au tuseme Kitinda aliamini wamekubaliana. Kesho yake, Jumamosi, yeye ana zamu mpaka alasiri. Kaka atafuta angalau fainali za zamani, atachagua FLAC, atabadilisha CD moja moja, basi.

"FLAC, na usiguse kingine chochote," Kitinda alirudia. "Usiweke tiki popote. Iache ilivyo."

"Mm," Mkurugenzi alisema. Katika nyumba hiyo "mm" ilikuwa na maana nyingi, na ndiyo haikuwa mojawapo.

Asubuhi Kitinda alipotoka tu, MP3 ilirudi kwenye skrini.

Tusimwonee bure. Mkurugenzi alikuwa na sababu, na nyingine hakuzisema kwa sababu hakuzoea kusema mambo ya namna hiyo. Kabla ya operesheni mama yake alikuwa anampigia simu stoo kila mchana kumuuliza kama amekula. Ilikuwa inamkera mbele ya wapakiaji magodoro. Tangu simu hiyo ikome, mchana ulikuwa unapita anakula kama anayejaza gunia. Alitaka sauti ile iwe kwenye simu yake, na kwa shangazi, na kwa kila jamaa, na alitaka iende haraka bila kusumbua mtandao. Faili dogo linatumika. Faili kubwa linakaa kwenye mashine likisubiri siku ambayo haifiki. Hivyo ndivyo alivyoliona, na hakuwa na hamu ya kuhojiwa na mdogo wake.

Aliingiza CD ya kwanza na kuijaribu. Mama alikuwa palepale kwenye kochi. Mkwe wake alikuwa anafuta vumbi la televisheni.

*"Sura ya pili,"* ilisema sauti, nzito kidogo, isiyo na haraka. *"Aina za udongo."*

Mkwe alisimama na kitambaa mkononi. "Jamani," alisema polepole. "Ni mama kabisa."

Na nyuma ya sauti kulikuwa na kitu kingine. Takatakataka, kikanyamaza. Takatakatakataka, kikanyamaza tena. Mama aliinuka nusu kutoka kochini. Ilikuwa cherehani ya mumewe. Enzi hizo ilikaa pale televisheni ilipo sasa, na kwa kuwa sebule ilikuwa moja na kazi mbili, yeye alisoma huku fundi akishona. Kanuni ilikuwa fundi asimame mama anaporekodi. Fundi hakuweza kuifuata kanuni hiyo kwa zaidi ya ukurasa mmoja, maana wateja wanataka nguo zao. Baada ya mazishi cherehani iliuzwa. Mkurugenzi ndiye aliyesimamia. Mama aliitikia kwa kichwa siku ile, na hakuwa ameisikia tena mpaka asubuhi hii.

"Aa, cherehani la mzee hilo," Mkurugenzi alisema, akasimamisha. "Shule walivyokuwa wanalilalamikia. Kila barua wanasema usomaji mzuri, tatizo cherehani. Sasa subiri uone, mama. Kuna kitu humu kinaitwa 'ondoa kelele'. Kinabakiza sauti ya msomaji tu. Leo tunalitoa."

Mama alishika chaki. *Ngoja*, aliandika, akainua.

"Tunangoja nini, mama? Draivu inarudi Jumatatu, katoni imejaa."

Alifuta kwa kiganja, akaanza kuandika sentensi ndefu zaidi. Mkono wake haukuwa na kasi. Dawa zilikuwa zimemlegeza vidole. Mkurugenzi aliweka tiki kwenye 'ondoa kelele'. Kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha zoea, aliweka nyingine kwenye 'kata vimya'. Akabonyeza anza. Halafu simu yake ikaita, akatoka nayo barazani akitoa maelekezo kwa mtu wa stoo juu ya magodoro yaliyopangwa kinyume.

*Cherehani iacheni*, kibao kilisema. Mama alikiinua kuelekea kiti kitupu. Mkwe alikuwa ameinama chini ya meza anafuata vumbi.

Aligonga mkono wa kochi. Mkwe akainuka, akasoma, akatazama skrini iliyokuwa inakwenda yenyewe. "Nitamwambia akirudi, mama," alisema, na alikuwa na nia hiyo kweli. Lakini Mkurugenzi alirudi akiwa moto kwa ajili ya magodoro, na mke wake, aliyemjua vizuri, hakujaribu kumwambia kitu wakati huo.

Mama angeweza kuzidi kugonga. Angeweza kuchomoa waya. Alichoka. Ni uchovu ambao watu wenye sauti hawaujui, wa kuandika neno kwa watu walioangalia pembeni, na ulimkasirisha kuliko kilichosababisha. Alijiambia CD zenyewe zipo. Kitinda akirudi atamwonyesha, watarudia moja kwa namna inayotakiwa, moja tu ingetosha. Alimeza dawa za saa nne, na dawa zile zilikuwa haziombi ruhusa. Akalala palepale kochini, kibao kifuani.

Kitinda alirudi alasiri, akakuta sebule ina mgeni. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa kwenye kiti cha wageni, amekuja kwa sababu Mkurugenzi alimwita barazani kumwonyesha. Flashi ilikuwa mezani katikati, ndogo kama kucha, na Mkurugenzi alikuwa ameketi nyuma yake kama aliyeizaa.

"Katoni nzima," alisema. "Imeingia yote, na nafasi imebaki."

"Imebakije?" Kitinda aliuliza. "FLAC haiwezi kuingia kwenye flashi hiyo."

"Wewe sikiliza kwanza. Ubishi baadaye."

Mama alikuwa macho, amekaa wima. Jirani alimwinamia mpaka pua karibu zigusane. "REDIO," alisema kwa nguvu zote, "LEO TUNAKUSIKIA TENA." Mama alisogeza uso nyuma kidogo ili asirushiwe mate.

Mkurugenzi alibonyeza.

*"Sura ya pili. Aina za udongo. Udongo wa kichanga."* Sauti ilikuwa ya mama, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ilikuwa imekauka, kama ya mtu anayeongea kichwa chake kikiwa ndani ya ndoo, na maneno yalifuatana bila pumzi katikati, kwa sababu pumzi nazo zilikuwa zimekatwa. Nyuma yake hapakuwa na kitu, hata uzito wa chumba haukuwepo.

"Safi kama ya leo asubuhi," jirani alisema, akijifuta jicho. "Hata pua hapumui."

"Kaka," Kitinda alisema. "Uliweka tiki."

"Niliweka ya kelele. Na ya vimya. Muda wote uliopotea kimya, nani ana haja nao?"

Mama alikuwa ameanza kuandika tangu neno la kwanza. Safari hii hakugonga wala kuinua. Alimaliza, akasimama, akaenda mpaka mezani, akaweka kibao juu ya vitufe vya laptop, kati ya vidole vya mwanawe, na sauti ikakatika kwa kubonyezwa.

Kibao kilisema: *Mmemtoa baba yenu.*

Jirani alisoma kwa juu ya bega, akakumbuka ghafla kwamba ana maji jikoni. Alipotoka hakuna aliyemsindikiza.

"Mama, nilitoa cherehani," Mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Si baba. Cherehani tu."

Mama alimtazama. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyejibiwa ujinga na hana nguvu ya kuuandikia.

"Asubuhi aliandika," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Aliandika muiache. Nilitaka kukwambia ukaingia na hasira zako za magodoro."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Ulinyamaza saa ngapi?"

Kitinda hakuwa na hamu ya kesi hiyo. "Haijaharibika," alisema. "Tunarudia. Mama, tunarudia sasa hivi, na mimi ndiye nitakayekaa hapo. CD ziko wapi?"

Mkwe alitazama sakafu. Halafu akatazama dirisha la nyuma, na Kitinda akafuata macho yake.

Nyuma ya nyumba, juu ya kitalu cha mboga, CD zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba kutoka nguzo mpaka nguzo, zikizunguka na kutupa vipande vya mwanga ukutani. Zilikuwa zimekaa vizuri, kwa mpangilio. Ndege hawakuwepo hata mmoja.

"Nilidhani zimekwisha kazi," mkwe alisema. "Wifi, naapa. Aliniambia zote zimeingia kwenye flashi, hizi sasa takataka. Na ndege wamenimalizia mchicha wiki mbili sasa. Nikasema angalau."

"Umezifungaje?"

"Kwa msumari. Niliupasha moto."

"Tundu la katikati si lilikuwepo?"

Kwa kweli tundu la katikati lilikuwepo. Mkwe alitaka zining'inie kwa ubavu ili zizunguke vizuri.

Kitinda alikaa kwenye mkono wa kochi, akaweka mikono usoni. Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Kwa siku mbili alikuwa ameeleza, amebembeleza, ametoa mfano wa suruali, na hawa watu wawili, mmoja kwa tiki na mwingine kwa msumari, walikuwa wameimaliza kazi yote kabla ya chakula cha mchana. "Nyie," alisema ndani ya viganja. "Nyie mna nini lakini?"

Mkurugenzi alikuwa amekwisha toka. Walimwona kupitia dirisha hilo akisimama kwenye kitalu, ameishika ile iliyoandikwa 'Udongo' na kuigeuza geuza. Alirudi nayo ameibeba kwa ncha za vidole kwenye viganja viwili, kama kitu cha moto. Ilikuwa na tundu jeusi, la kuyeyuka, karibu na ukingo.

"Imekufa?" aliuliza.

Kitinda aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga. Alijipa muda, na bila kupenda alianza kufikiri. "CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje," alisema. "Msumari umepita ukingoni. Mwanzo wake unaweza kuwa mzima. Mwisho, sahau."

"Basi iweke."

"Kaka, hii imetoboka upande mmoja. Ikizungushwa kwa kasi itayumba. Ikipasuka humo ndani, Jumatatu namwambia nini daktari?"

Walitazama draivu. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, haina mkwaruzo, na karatasi ya kliniki imebandikwa juu yake. Kitinda alimfikiria daktari wa picha, mtu mpole ambaye alimwamini mbele ya wenzake waliosema vifaa visitoke nje. Halafu akamtazama mama. Mama hakuwa ameandika kitu. Alikuwa amesimama tu pale televisheni ilipo, mkono wake juu yake, kama vile mtu angeegemea kitu kingine kilichokuwa hapo zamani.

"Kuna sehemu ya kuchagua kasi," Kitinda alisema. "Naweka ya chini kabisa."

Ilihitaji nafasi. Mkurugenzi, bila kuambiwa, alisogea akafuta fainali, moja, ya pili, mpaka ile aliyomwonyesha kila mgeni aliyewahi kuingia humo. Kisha akafungua mipangilio. Tiki zake mbili zilikuwa bado zipo. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, na kila mtu alisubiri autumie kama kawaida yake.

Hakuutumia. Aligeuka na kiti chake chote.

"Mama," alisema, sauti ya kawaida. "Inauliza aina ya faili. Kuna hii ndogo, ndiyo niliyotumia. Kuna ya kati, ni MP3 lakini ya kilobiti mia tatu na ishirini, haitupi sana ila inatupa. Na kuna FLAC ya Kitinda, haitupi kitu, ila ni kubwa na simu nyingine haziipendi. Halafu inauliza kelele. Halafu vimya. Wewe unatakaje?"

Mama alirudi kochini, akachukua kibao. Akaanza kuandika.

Ilichukua muda. Chaki ilikwaruza, ikasimama, akafuta neno, akaanza tena. Mkurugenzi alifungua mdomo kubahatisha. Mkewe akamfinya bega, akaufunga. Hakuna aliyesema chai. Hakuna aliyesema dirisha. Nje kamba ilikuwa inagongana na nguzo, na walikaa wote watatu wakimtazama mwanamke mmoja akiandika, jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulifanya tangu atoke hospitali.

*Ya Kitinda*, kibao kilisema. *Kelele iwepo. Na kimya. Ilivyokuwa.*

Mkurugenzi alitoa tiki ya kwanza, akatoa ya pili, akachagua FLAC, akabonyeza.

Draivu ililia. Ilitetemeka juu ya meza mpaka Kitinda akaishika kwa mikono miwili, uso wake umekunjamana, akiisemesha chinichini kama mtu anayemtuliza ng'ombe asirushe teke. Mstari kwenye skrini ulikwenda, ukasita, ukaenda. Karibu na theluthi mbili ulisimama, programu ikasema haiwezi kuendelea, na Kitinda akaitoa CD haraka, nzima. Draivu nayo ilikuwa nzima. Alipumua.

"Tumepata mwanzo," alisema. "Cheza."

*"Sura ya pili,"* mama alisema kutoka kwenye mashine, na safari hii alikuwa chumbani. Walisikia sebule. Walisikia ukurasa ukigeuka. *"Aina za udongo. Udongo wa kichanga una punje kubwa, kwa hiyo hauhifadhi maji. Udongo wa mfinyanzi..."*

Takatakatakataka.

*"Baba watoto,"* sauti ilisema, si ya kusoma tena. *"Inasikika."*

*"Nimenyamaza,"* alijibu mwanamume, mbali kidogo na maikrofoni, na pini mdomoni bila shaka, kwa sababu ndivyo alivyoongea siku zote za kazi. *"Endelea. Sisikiki tena."*

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya kirefu, mtu akipumua puani, kiti kikilalamika. *"Udongo wa mfinyanzi,"* mama alianza tena, *"una punje ndogo."* Na chini yake, polepole mno, tak. Halafu tak. Halafu tak. Alikuwa anazungusha gurudumu kwa mkono, sindano moja baada ya nyingine, akijaribu kuiba mshono bila kukamatwa. Mama wa kwenye mashine alijitahidi mpaka katikati ya sentensi, kisha akashindwa, akacheka. Alicheka kwa sauti yake yote, kicheko ambacho mtaa mzima ulikuwa unakijua.

Mama wa kochini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Machozi yalimshuka hadi kwenye skafu, hakuyafuta.

"Kumbe baba alikuwa ana—" Mkurugenzi alianza.

Mama aliinua kibao bila hata kumtazama. Alikuwa amekwisha kiandika mapema, anamjua mwanawe. *Nyamaza.*

Akanyamaza. Sauti iliendelea na udongo, gurudumu likaendelea kuiba, mpaka ilipofika msumari ulipokuwa, ikakatika katikati ya neno. Mama alizungusha kidole hewani: tena. Kitinda akairudisha mwanzo.

Mkurugenzi alisimama taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakutoa maelekezo yoyote. Alichukua stuli ya jikoni, akaisimamisha ukingoni mwa kitalu, akapanda, akaanza kufungua mafundo ya mke wake moja moja, akiziweka CD ndani ya shati lake lililokunjwa mbele. Nyingine zilikuwa zimepasuka kutoka tunduni. Aliziweka hizo nazo.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Mbona unazitoa? Zilikuwa zinasaidia. Ndege watarudi, watakula mboga zote."

Ndani ya nyumba cherehani ilianza tena, takatakataka, na ikasemeshwa, na ikanyamaza.

"Waache wale," Mkurugenzi alisema.